Mshahara wa Marehemu

Wanajeshi walimwita Mama Risiti, na hakulichukia jina hilo. Katika jengo zima la makao makuu, yeye ndiye raia pekee ambaye sahihi yake iliweza kumkalisha kanali kwenye benchi akisubiri. Sheria ilitaka hivyo: jeshi lipigane, lakini fedha zake zishikwe na mtu asiyevaa sare, ili mwenye bunduki asiwe pia mwenye ufunguo wa kasha. Alikuwa ameushika ufunguo huo miaka kumi na tisa. Alirudisha hati za mafuta ya malori yaliyokuwa juu ya mawe, akakataa kulipia mahema yaliyofika yamechanika. Wengi walimchukia, ila hakuna aliyethubutu kusema kwamba amewahi kudokoa.

Siku moja, akipitia orodha ya mishahara ya kikosi cha mpakani, kidole chake kilisimama kwenye jina la mtoto wa dada yake. Kijana huyo alikuwa amekufa miezi minane nyuma. Siku ya maziko yeye mwenyewe alimshika dada yake kiuno asije akaangukia kaburini. Lakini kwenye orodha kijana alikuwa mzima wa afya. Tena miezi mitatu baada ya kuzikwa alipandishwa cheo kuwa koplo, akaongezewa na posho ya mazingira magumu.

Hakulia. Alikwenda msalani akanawa uso, akarudi mezani, akaagiza gari la kwenda mpakani.

Kamanda wa kikosi alikuwa mtu mcheshi, kila baada ya maneno matatu anasema "mama". Alimwambia kwamba askari wengine wako doria. Mama Risiti alijibu kwamba hana haraka, atawangoja. Akalala siku nne kwenye chumba cha stoo, kati ya magunia ya unga, na doria haikurudi. Asubuhi ya tano aliomba gwaride, akaita majina mojamoja kwa sauti yake ndogo ya ofisini. Sitini na matatu hayakuitikiwa. Lilipofika jina la kijana wao, alilitaja kama mengine, akangoja kidogo, kisha akalitia alama.

Jioni yake ucheshi wa kamanda ulikuwa umekwisha.

"Mafao ya kifo yanachukua miaka, mama," alisema. "Wazazi watakula nini? Kila mwezi nawapelekea nusu ya mshahara. Mimi ndiye ninayewalisha."

"Na nusu nyingine?"

Kamanda aliangalia dirishani. "Kufa kufaana," akasema.

Wakati wa kurudi Mama Risiti alimwambia dereva apitie kwa dada yake. Paa lilikuwa na mabati mapya. Alikwisha kuyaona zamani, na alipouliza aliambiwa kwamba marehemu aliacha akiba. Safari hii dada yake hakumficha. Kila mwisho wa mwezi sajini mmoja huja na bahasha, anasema pole, anaondoka. Alijua ni mshahara wa nani. Akamwomba mdogo wake asiandike kitu.

Mama Risiti alimshika mikono, akamweleza kwamba mafao halali ni makubwa mara nyingi kuliko ile bahasha, na kwamba atayafuatilia yeye mwenyewe mpaka yatoke. Aliyaamini maneno yake. Wiki ileile aliandika ripoti, na majina sitini na matatu yakafutwa.

Katibu mkuu wa wizara alimsifu mbele ya watu. Kamati ikaundwa. Miezi sita ikapita, kamanda akapelekwa ng'ambo kuwa mwambata wa kijeshi kwenye ubalozi, na ile nusu yake ikaandikwa kuwa haikuweza kufuatiliwa. Mafao nayo yalikwama: yalihitaji kikosi kithibitishe tarehe ya kifo, na kikosi kisingethibitisha kwamba kilikuwa kikimlipa maiti. Kilichowezekana kufuatiliwa ni bahasha. Kamati iliagiza wazazi sitini na watatu warudishe walichopokea bila haki, na barua za madai, kwa mujibu wa sheria, zikapaswa kutiwa sahihi na mdhibiti wa fedha. Yaani yeye.

Alikwenda kwa katibu mkuu akasema hatazitia. Mzee yule alivua miwani.

"Usipozitia, watasema unamkinga dada yako. Ripoti yako yote itatupwa, na yule bwana atarudi kwenye kiti chake kesho. Ndicho wanachongojea."

Alizitia sahihi zote mchana mmoja, mlango umefungwa. Ya dada yake hakuiweka mwanzo wala mwisho. Ilikuja kwa alfabeti, akaisaini, akashika iliyofuata.

Wiki mbili baadaye dada yake alifika nyumbani kwake na barua mkononi. Alikataa kukaa, akakataa na maji. Alisema wahenga walidanganya waliposema mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe.

"Jeshi lilimchukua akiwa hai, likanilipa akiwa amekufa," alisema. "Wewe uliniahidi haki. Hii ndiyo?"

Mama Risiti alianza kueleza habari ya kamati, akasikia mwenyewe jinsi maneno yalivyokuwa makavu. Dada yake aliiacha barua juu ya kiti na kutoka.

Kesho yake Mama Risiti alikwenda dirisha la malipo kama mtu yeyote, akajaza fomu ya kukatwa mshahara wake kila mwezi kwa deni la dada yake, na kumwomba karani asimtaje. Makato yalichukua miaka miwili. Wale wazazi wengine sitini na wawili hawakuwa na mdogo wao wizarani. Wako waliouza mbuzi, wako waliouza mabati ya mapaa yao.

Dada yake, alipoona hakuna anayekuja kumdai, aliwaambia majirani kwamba Mungu amemfunika, maana angelitegemea ndugu wa tumbo moja angekwisha kulala nje. Maneno hayo yalimfikia Mama Risiti kupitia kwa watu. Hakuyasahihisha.