Kiti Chekundu cha Mugenzi

Mkunga wa hapa Kabuga alimpapasa binti yangu Illuminée tumbo, akanivuta pembeni. Mtoto amelala kikingamo, alisema, lazima mama apelekwe mjini, mtoto akatolewe kwa kisu kabla jua halijazama. Kila jua likizama, barabara ilikuwa inafungwa. Ulikuwa mwaka wa pili wa vita, na mabasi yetu yalikuwa yamechukuliwa kubeba askari.

Tulikuwa na teksi ya mkwe wangu, Nsabimana. Kwa haraka yake aliirudisha nyuma, ikaingia mtaroni. Tulipoitoa, gurudumu la mbele lilikuwa limelala upande. Mkono wa chuma unaolishika kwa chini ulikuwa umekatika.

"Vipuri havipiti tena mpakani," Nsabimana alisema, akaketi chini.

Ng'ambo ya ua, gari la jirani yetu Mugenzi lilikuwa juu ya mawe, likisubiri giaboksi. Mugenzi ni mfanyabiashara aliyekulia Bujumbura. Gari lake lilikuwa pana, lenye kiti cha nyuma cha ngozi nyekundu, na mlango wake ukifungwa unasikia pu, basi. Mlango wa teksi hulia kwaa. Kila asubuhi alikuwa akimtania mkwe wangu: "Hilo si gari, ndugu yangu. Ni bati lenye honi."

Nilimkuta amesimama nje, nikamwomba mkono kama ule kutoka kwenye gari lake. Alikuwa ameshasikia vilio.

"Mukecuru, bibi yangu, ningetoa," aliniambia. "Lakini haya magari si sawa. Tukitia chuma kisicho chake, gurudumu litachomoka mteremkoni na binti yako yumo ndani. Nitakuwa nimemuua mimi."

Haukuwa uchoyo. Alikuwa anaogopa kweli.

"Yametoka kiwanda kimoja," Nsabimana alisema nyuma yangu.

"Hata jembe na kisu vinatoka kwa mhunzi mmoja. Utalima kwa kisu?"

Ndani, Illuminée alinyamaza. Ukimya ule ulinitisha kuliko vilio. Nilichana ukamba wa mgomba, nikaunyoosha juu ya ule mkono uliokatika, tukiwa tumeviunganisha vipande vyake, nikapiga fundo kwenye kila tundu, kama ninavyopima mlango ninapotaka kusuka mkeka wa kuuziba. Nikampa Mugenzi.

"Pima lako mwenyewe, mwanangu. Utakachosema nitakiamini."

Alilala chini ya gari lake na shati lake jeupe. Tulingoja. Kivuli cha mikaratusi kilikuwa kimeshavuka barabara.

"Tundu kwa tundu," sauti yake ilitoka chini. "Hata unene ni ule ule." Akajivuta nje. "Kumbe mimi nilinunua mlango tu. Leta spana."

Bolti moja ilikuwa na kutu. Aliipiga nyundo mpaka akajichuna vidole. Chuma kiliingia kwenye teksi kana kwamba kilizaliwa humo. Tulipombeba Illuminée, Mugenzi alituzuia.

"Ngojeni. Kama chini ni sawa, na kiti kitakaa."

Aling'oa kiti chake chekundu, akakipachika kwenye teksi. Kilikaa. Alimlaza binti yangu mwenyewe, polepole, kama yai.

Njia nzima nilishika kichwa cha Illuminée, na sikio langu lilikuwa kwenye gurudumu. Kwenye kila shimo niliacha kupumua. Tulipofika kwenye kizuizi cha barabarani, jua lilikuwa linagusa kilima. Askari aliinama dirishani, akaona damu juu ya ngozi ya kiti, akaishusha kamba bila kuomba vitambulisho. Naye simsahau.

Mtoto alitolewa hai. Tulimwita Kanyange. Mama yake alirudi nyumbani akiwa mweupe kama majivu, lakini akitembea.

Siku moja Mugenzi alinikuta nasugua kile kiti. Doa lilikuwa limekataa kutoka. Gari lake bado lilikuwa juu ya mawe, halina kiti, gurudumu moja halipo, na kuku wangu walikuwa wameanza kutaga ndani.

"Acha, mukecuru. Kikae huko huko."

Akaufungua mlango wa teksi, akaufunga. Kwaa.

"Ila huu," alisema, akinyoosha mikono apewe mtoto, "huu siutaki hata bure."