Swichi ya Dirisha la Bwana Pfisterer

Nimekagua mabomba ya moshi kwa miaka ishirini na sita, katika kijiji chetu na vinne vya jirani, na mtu ninayemdharau kuliko wote ni msomi. Mjinga ukimkatalia hunung'unika, kisha hutii. Msomi hutabasamu.

Gernot Pfisterer, mwalimu mstaafu wa fizikia, alitabasamu tangu siku nilipokwenda kukagua jiko lake jipya sebuleni, lile la kuchoma vidonge vya unga wa mbao. Chumba cha pili, mlango ukiwa wazi ili joto lipite, alilala mama yake, Bi Kreszenz, mwenye miaka themanini na tisa. Jiko lilikuwa sawa na bomba lilipanda juu ya paa kama sheria itakavyo. Shida ilikuwa feni ya kunyonya mvuke jikoni. Nyumba zetu siku hizi zimezibwa kila ufa. Ukiwasha feni madirisha yamefungwa, itavuta hewa popote itakapoipata, hata kwenye bomba la moshi, na moshi utarudi ndani pamoja na ile gesi yake ya sumu isiyo na harufu. Ndiyo maana sheria inataka swichi dirishani: dirisha likifungwa, feni haiwaki.

"Yaani nipike huku natetemeka?" aliniuliza. "Januari, theluji mpaka magotini, mimi dirisha wazi?"

"Ndiyo, Bwana Pfisterer. Au uzime feni, uvumilie harufu ya vitunguu."

"Sheria hizi zinaandikwa na watu wasiojua hewa ni nini. Mimi nimefundisha hewa miaka thelathini na tano, dada Traudl."

"Na mimi nimezoa masizi yake miaka ishirini na sita. Weka swichi."

Akaweka. Nilifunga dirisha, feni ikazimika, nikalifungua, ikawaka. Nikatia saini cheti, naye akakipokea kwa ncha za vidole kama soksi chafu.

Mkesha wa Mwaka Mpya, asubuhi, nilivaa koti langu jeusi lenye vifungo vya dhahabu nikapita nyumba kwa nyumba kuwatakia watu heri. Kwetu husemwa fundi wa mabomba ya moshi huleta heri, basi kila mtu hugusa kifungo apate bahati ya mwaka. Ni upuuzi, lakini naupenda.

Kwa Pfisterer nilikuta vitunguu vinakaangwa na feni inanguruma. Dirisha lilikuwa limefungwa, kioo kimejaa ukungu.

"Mama yuko wapi?"

"Amelala. Siku ya tatu kichwa kinamuuma, anatapika. Uzee huo, Traudl."

Kipimo cha gesi mfukoni mwangu kikaanza kulia kabla hajamaliza kusema. Nilifungua kila dirisha, nikazima feni na lile jiko la vidonge, nikambeba Bi Kreszenz ndani ya blanketi lake mpaka kwenye benchi la nje. Hakuwa mzito kuliko ngazi yangu.

"Piga simu ya ambulensi!" nilimfokea. "Au hilo nalo unalijua kuliko madaktari?"

Niliporudi ndani kuhakikisha jiko limezimika, niliiona. Ile sumaku ndogo nyeupe, ambayo ndiyo huiambia swichi kwamba dirisha limefungwa, haikuwapo kwenye fremu. Aliifungua skrubu, swichi ikabaki ikiamini dirisha liko wazi usiku na mchana. Sumaku yenyewe alikuwa ameibandika kwenye friji, na imeshikilia karatasi. Karatasi ilikuwa cheti changu, na saini yangu chini.

Sikio la kufa halisikii dawa, husema watu. Lakini hapa sikio lilikuwa la mwana, na aliyekuwa anakufa ni mama. Nilikichana cheti vipande viwili. Hasira nyingine ilikuwa juu yangu mwenyewe, kwa kuwa siku ile niliona tabasamu lake nikaondoka.

Nje, rangi ilianza kurudi mashavuni mwa Bi Kreszenz. Alinitazama, akaona koti.

"Heri ya mwaka mpya, mwanangu," alinong'ona. "Sijashika kifungo."

Nikapiga magoti thelujini, akakishika kwa vidole viwili, muda mrefu.

Mwanawe alikuwa amesimama nyuma yetu, simu mkononi. Hakuwa na tabasamu tena. Akanyoosha mkono kuelekea kifuani kwangu.

"Na mimi, Traudl. Tafadhali."

Nikasimama, nikavifunika vifungo kwa kiganja.

"Wewe kashike dirisha," nikamwambia.