Kilima cha Zuhura

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini tangu Ornella ahamie Catania kutoka Palermo, mwenyeji wake Nunzia alikuwa anaugua tu. Ugonjwa wenyewe ni kijicho, na hauuziwi dawa dukani.

Nunzia alikuwa ameichunguza sayari ya Zuhura tangu ujana wake. Wenzake pale kwenye taasisi ya utafiti wa sayari walipenda sayari na miezi yenye sifa. Wengine walishika Mirihi, yenye volkano kubwa kuliko zote, ingawa imelala. Wengine walishika Io, mwezi wa Mshtarii, unaotapika moto bila kupumzika kwa jinsi Mshtarii inavyouvuta na kuuminya. Nunzia alibaki na Zuhura na mawingu yake mazito, akitafuta ushahidi kwamba volkano zake bado zi hai. Na sasa huyu wa Palermo, aliyefika juzi, ameupata: kilima ambacho kwenye picha ya kwanza ya rada hakipo, na kwenye ya pili, ya miezi baadaye, kimeota. Chombo kipya cha anga kilikuwa kinaandaliwa kwenda Zuhura, na taasisi ilikuwa na nafasi moja tu ya kutoa mtaalamu. Nunzia aliitaka nafasi hiyo kwa roho yake yote.

Siku moja kabla ya mkutano wa kuamua nafasi hiyo, Ornella alimwalika kwenye mkahawa. Mlima Etna ulikuwa umeamka tangu alfajiri, na meza zote zilikuwa na jivu. Ornella akapangusa meza kwa kiganja, akaiweka picha mbele yake mwenyewe.

"Dada Nunzia, hebu nitazamie hii."

"Acha nimalize granita yangu kabla barafu haijayeyuka. Nyie watu wa Palermo mna haraka kama mnafukuzwa!"

Ornella akacheka, akaingia ndani kulipa. Nunzia, aliyekaa upande wa pili wa meza, akachomoa simu, akakipiga picha kile kilima, akairudisha simu mkobani. Ornella aliporudi akauliza, "Umeonaje?"

"Kizuri, mwaya. Hongera," akasema Nunzia, akaaga.

Nyumbani akaikuza picha, moyo ukamruka. Chombo kilichopiga picha zile kilimulika kutoka kushoto. Kilima kikimulikwa kutoka kushoto hung'aa kushoto. Hiki kiling'aa kulia! Basi si kilima, ni shimo. Simu ilikuwa mkononi, angeweza kumpigia Ornella palepale, wakayamaliza wawili. Hakupiga. Alichukua ufagio akafagia jivu barazani huku akiimba, kwa furaha ambayo mtu mwema angeionea aibu.

Kesho yake ukumbi ulijaa, Profesa Cosimo, mkuu wa taasisi, akiongoza mkutano. Ornella hajamaliza hata kusalimu watu, Nunzia akasimama.

"Samahani, Profesa Cosimo. Kabla hatujapiga makofi, mgeni wetu atueleze. Tangu lini shimo likaitwa kilima?" Akaonyesha picha kwenye simu, akaeleza habari ya mwanga, neno kwa neno, akilionja kila moja. Watu wakaanza kunong'ona. Profesa akakunja uso.

Ornella akaitazama simu ile, kisha akamtazama mwenye simu.

"Dada, hiyo umeipiga lini?"

"Jana. Mezani."

"Ukiwa umekaa wapi?"

Nunzia akaigeuza simu juu chini. Alikuwa amekaa ng'ambo ya meza. Picha ameiona kichwa chini miguu juu, na mwanga umehama upande. Kosa hilo wanafunzi huonywa siku ya kwanza: geuza picha ndipo useme. Na aliyekuwa akiwaonya, mwaka baada ya mwaka, ni Nunzia huyuhuyu.

Mtu mmoja nyuma akashindwa kujizuia, akacheka.

"Nilikuletea ili uione kabla ya wote," Ornella akasema taratibu. "Nilitaka tusimame hapa pamoja, nafasi tuiombe kwa jina lako. Mimi bado kijana, nitapata nyingine."

Profesa akakohoa. "Sasa nafasi ni ya nani?"

"Yangu," akasema Ornella, na sauti yake haikutetemeka.

Akaiwasha picha kubwa ukutani, imekaa sawasawa. Kilima kikasimama pale, kinang'aa kushoto, kizuri kuliko chochote alichowahi kuona Nunzia. Ukumbi ukapiga makofi, na Nunzia akapiga nao. Machozi yalimlenga, lakini tusidanganyane, hayakuwa ya majuto. Bado alikuwa anamwonea Ornella wivu kwa kilima kile.