Mstari wa Njano kwenye Kichwa cha Treni

Daktari wa macho alikuwa ametimiza miaka hamsini na tisa, na kwa miezi minne alikuwa akijidanganya kwa kutengeneza kichwa cha treni kisichozidi pingili moja ya kidole gumba. Sisemi hivyo kumsengenya. Lakini mtu aliyefungua macho ya maelfu ya watu, ukimkuta Jumamosi mchana amejifungia ndani akikata kibati cha shaba kwa wembe, ujue ana jambo linalomkaa rohoni.

Jambo lenyewe lilikuwa mkono wake wa kulia. Siku moja katika chumba cha upasuaji, alipokuwa akimtoa mzee mmoja mtoto wa jicho, kifaa kilimtikisika. Mara moja tu, kidogo tu. Msaidizi wake, daktari kijana wa kike aliyemfundisha mwenyewe, alipitisha kidole chini ya kifundo cha mkono wake akauegemeza, na kazi ikaisha salama. Walipokuwa wakinawa, binti akamwambia kwa upole kwamba ameuona ule mkono. Daktari akamjia juu. Alimwambia kwamba yeye alipoanza kupasua macho, binti alikuwa bado anafungwa nepi, na kama anakitaka cheo chake basi aseme waziwazi. Binti wa watu aliinamisha kichwa akaenda kupanga vifaa.

Alipofika nyumbani, daktari alinyoosha mkono juu ya meza ya chakula akaukazia macho. Ulitulia tuli. Akamimina chai, haikumwagika hata tone. Angeweza kwenda kwa daktari mwenzake akapimwa kama binadamu wengine, lakini madaktari ndio wagonjwa wabaya kuliko wote. Badala yake akajitungia mtihani, ambao angeusahihisha mwenyewe.

Sababu ya kuhangaika kiasi hicho ilikuwa dada yake. Mama yao alifariki daktari akiwa na miaka mitano, na dada, msichana wa miaka kumi na sita, akawa mama bila kuulizwa kama anataka. Alijifunza cherehani, akamlea, akamsomesha. Sasa jicho lake la kulia lilikuwa limefunikwa kabisa na mtoto wa jicho, na la kushoto lilianza kufuata. Alikuwa akitunga uzi kwenye sindano kwa kupapasa. Alipoelezwa kwamba hospitali ina madaktari watatu wazuri, alisema yeye ndiye aliyemwogesha mdogo wake kwa mikono yake, basi jicho lake halishikwi na mtu baki. Tarehe ikapangwa, siku ya Jumanne.

Mtihani ulikuwa hivi. Karibu na nyumba waliyokulia kulikuwa na kichwa cha treni kifupi, cha kijani, chenye mstari wa njano ubavuni, kilichoshinda kutwa kikisukumasukuma mabehewa. Daktari angekitengeneza upya kuanzia mwanzo, kwa udogo usiosemeka, na mwisho kabisa, Jumamosi ya kabla ya upasuaji, angechora ule mstari. Mstari ukinyooka, atampasua dada yake yeye mwenyewe. Ukipinda, atamwachia msaidizi. Wakati huo wote kazini aliendelea kama kawaida, ila macho yenye matatizo alimsukumia binti, kwa kisingizio cha kumpa uzoefu.

Tumpe haki yake, kazi aliifanya. Tumbo la kichwa hicho lilikuwa kipande cha sindano nene ya hospitali, na bomba la moshi sindano nyembamba zaidi. Kibanda cha dereva alikikunja kwa bati la shaba, na kila msumari wa ubavuni aliutokeza kwa kubonyeza kwa ncha ya sindano upande wa ndani, mmoja mmoja, arobaini na mbili kila upande. Magurudumu yalikuwa vigurudumu vya meno vya saa za mkono zilizokufa, akavisugua mpaka vikawa laini. Reli za kushikia dereva anapopanda zilikuwa uzi wa kushonea jicho, ambao hata unywele huuonea huruma, akaukausha kwa gundi. Alifanya yote chini ya hadubini kuukuu iliyotupwa na hospitali, viwiko vimeegemea meza, kifundo cha mkono kimelala juu ya kimfuko cha mchanga, akikata pale tu alipomaliza kutoa pumzi. Siku moja alipiga chafya na bomba la moshi likatoweka. Alilisaka siku mbili akitambaa sakafuni, akaja kulikuta limejichomeka kwenye soli ya kandambili yake.

Rangi ndiyo ilimtoa jasho. Kwenye kitu kidogo namna ile rangi ni adui, maana ukipaka nzito kidogo tu, ile misumari yote inazama, na taabu ya wiki tatu inageuka kuwa kipande cha peremende. Aliipunguza kijani yake mpaka ikawa kama maji ya majani, akapaka mara nne, kila mara akingoja siku nzima ikauke.

Ikafika Jumamosi ya mstari. Alipiga moyo konde, akachovya brashi yenye nywele tatu, akaanza upande wa nyuma. Kufika katikati, njano ikaenda upogo kama njia ya mchwa. Akaifuta kwa kijiti cha meno. Mara ya pili ikawa vilevile. Ya tatu nayo ilipopinda alisimama, akanywa maji, akazunguka meza akiusema mkono wake kama mtu anavyomsema mtoto mtundu. Kisha akafanya wanavyofanya watengenezaji wote wa vitu hivi. Alipaka njano pana, ovyo ovyo, akaiacha ikauke. Halafu akarudi na kijani, akaanza kuimega njano kwa juu, akaimega kwa chini, kidogo kidogo, na pale kijani ilipozidi akaiparua, mpaka katikati ukabaki mstari mwembamba kuliko unywele. Ilimchukua saa tatu na nusu. Alipoinua kichwa, mstari ulikuwa umenyooka kama umepigwa kwa rula.

Alicheka peke yake, akajipiga paja. Papo hapo akamtumia msaidizi ujumbe kwamba Jumanne anapasua yeye. Jibu lilikuja fupi, "Sawa, Mwalimu," na halikumfurahisha, lakini hakutaka kujua kwa nini.

Jumapili dada yake alikuja kumjulia hali, kama kawaida yake akianza kulalamikia vumbi la madirishani kabla hata hajaketi. Daktari alimkalisha kwenye hadubini kama anavyowakalisha wagonjwa, akamwambia atumie jicho la kushoto. Dada alihangaika kidogo na kioo. Kisha akakisogelea zaidi, vumbi amelisahau. Alipozungumza sauti ilikuwa imelainika. Alisema ni chenyewe, hata kile kingazi cha nyuma kipo, na akauliza kama anakumbuka alivyokuwa akimng'ang'ania sketi kikipiga honi.

Daktari alikumbuka. Moyo wake ulimjaa, akaona kwamba hakukosea kumwahidi.

"Na huu mstari," dada akasema, jicho bado kwenye kioo. "Miaka hamsini na zaidi nashona, sijawahi kunyoosha kitu hivi. Umeupitisha mara moja tu?"

Hapo angeweza kujibu ndiyo, mambo yakaisha. Lakini fundi hawezi kuficha ujanja wake mbele ya fundi mwenzake. Akamweleza yote kwa madaha, jinsi unavyopaka pana, jinsi unavyorudi na kijani ukapunguza huku na huku, jinsi unavyoparua palipozidi, na kwamba jambo zuri la rangi ni hilo, haikosi njia ya kurekebishika.

Dada alicheka. Alisema kumbe ni mambo yaleyale, hata yeye mshono ukimpinda huupitishia utepe juu, na bibi harusi akatoka akipigiwa vigelegele. Akainua uso kutoka kwenye hadubini, bado ana kicheko mdomoni.

"Sasa kwenye jicho langu ukipinda, utarudia na nini?"

Lilikuwa swali la utani. Daktari aliangalia mkono wake uliolala juu ya kitambaa cha meza. Dada naye akauangalia, kwa lile jicho moja lililobaki, na kicheko kikamtoka taratibu.

"Hakuna cha kurudia nacho," daktari akasema.

Kisha akamwambia. Kifaa kilivyotikisika, kidole cha binti, maneno aliyomtupia, na kwamba mstari wa kwanza ulipinda, na wa pili, na wa tatu. Alikuwa anaona aibu mpaka masikio yanamwaka moto. Alitegemea dada atamhurumia, maana ndivyo alivyozoea. Dada hakumhurumia.

"Ulitaka kuujaribu kwangu."

"Nilitaka nikufanyie mwenyewe, dada."

"Najua ulichotaka. Mpigie huyo binti. Hapa hapa, nikisikia."

Akapiga. Simu aliiweka mezani ikiwa na sauti wazi, maana hakutaka kuishika. Msaidizi alipokea akitokea jikoni kwake, vyombo vinagongana nyuma. Daktari alimwomba radhi kwanza, kwa maneno machache yasiyopangika, halafu akamwambia kwamba Jumanne jicho la dada yake alishike yeye. Binti alishukuru. Hakuuliza sababu. Dada aliitikia kwa kichwa, akavuta khanga yake vizuri mabegani, kwake yeye mambo yalikuwa yamekwisha.

Vyombo vikaacha kugongana. Binti akasema polepole:

"Mwalimu, na Jumatano? Kuna watu saba kwenye orodha yako."

Daktari hakuwa amewafikiria. Miezi minne aliogopea jicho moja, la dada yake, na katika miezi hiyo alikuwa ameingia kwenye macho ya watu ambao hata majina yao aliyasoma kwenye karatasi dakika ile ile ya kuwapasua. Kila mmoja wao alikuwa na mtu nje kwenye benchi. Alijua kwamba akilitamka jibu hilo hataingia tena chumba kile, si Jumatano, si mwezi ujao, na kwamba miaka yake thelathini ingekomea hapa, kwenye meza ya chakula, Jumapili mchana. Alimtazama dada yake. Safari hii dada hakumwamuru kitu. Alikuwa ametazama chini.

"Hao nao wachukue," akasema.

Akasikia binti akitafuta kalamu.