Biti Zilizonolewa Chini ya Mwamba

Jumanne saa nne asubuhi, Nchagwa alipandisha vyuma vya kuchimbia kutoka kwenye shimo la mita arobaini nje ya Kegonga, akafungua biti, kile kichwa chenye meno kinachotoboa mwamba, na kuisuuza kwenye ndoo. Alipoiteremsha, meno yake yalikuwa bapa. Sasa yalikuwa ya mviringo kama ya biti mpya, yamenolewa.

Alichanganyikiwa. Kwa miaka kumi na minne kazi yake ilikuwa kuzuia biti zisiharibike, na alijua kwamba mwamba hula meno, haunoi. Jino likiwa bapa linolewe upesi, la sivyo litapasuka. Lakini Kerosi, meneja wa mgodi, alikuwa amekataa kununua mashine nyingine ya kunolea. Nchagwa alikagua hewa ya kompresa, akapunguza mgandamizo, akapunguza mzunguko, akateremsha biti nyingine butu. Ikarudi imenolewa. Ya tatu ilirudi imenolewa na kupakwa grisi.

Rael, aliyewauzia wafanyakazi uji, aliweka jagi chini akapitisha kidole kwenye yale meno.

"Huyu ni Omanga," akasema.

"Omanga gani?"

"Bwana yangu. Si unaona meno yamelalia kushoto? Hakuwa na kidole gumba, fundi. Hivi ndivyo alivyokuwa ananoa."

Omanga alikuwa mnoaji wa mgodi huo. Miaka mitatu nyuma, handaki lililokuwa hapo liliporomoka. Kitabu cha zamu kilionyesha alikuwa ameshatoka. Wakubwa walisema amevuka mpaka kwenda Tanzania kwa mwanamke mwingine, wakafukia handaki kwa tingatinga. Tangu siku hiyo Rael hakujua kama ni mke au mjane, na kanisani hakujua aketi na kina mama gani.

Nchagwa alimwita Kerosi. "Bosi, kuna mtu huku chini. Tusimamishe kazi, tumfukue."

"Kitabu kinasema hakuna mtu." Kerosi aliigeuza biti juani. "Lakini kazi ni safi. Kuna zingine butu kule Homa Bay. Nitazileta."

Kesho yake Rael aliifunga biti moja kwenye leso, akaenda ofisi ya serikali kuomba cheti cha kifo. Karani alimsikiliza mpaka mwisho.

"Hii imenolewa lini?"

"Jana."

"Sasa mama, mtu aliyefanya kazi jana nitamwandikia vipi kwamba amekufa?"

"Basi andika yuko hai, wamtoe."

"Hiyo lazima iandikwe na mwajiri wake."

Alhamisi pikapu ilileta biti kumi na moja kutoka Homa Bay. Nchagwa aliishika ya kwanza bila kuifunga kwenye vyuma. Hakujua kama akiiteremsha anamsaidia yule mtu au anamtumikisha.

"Teremsha tu," Rael akamwambia. "Akikosa kazi, nitajuaje kama bado yuko?"

Akateremsha. Kufikia saa kumi zote zilikuwa zimerudi kali, ila ya mwisho ilikuja na meno mawili yasiyoguswa.

"Amechoka?" Rael akauliza.

Nchagwa aliitazama upande huu na upande ule.

"Sijui, mama."

Kerosi aliipokea, akaipanga kwenye pikapu pamoja na nyingine.