Kitu Cheupe Pajani mwa Mrisho

Wageni walijaa sebuleni kwa Mrisho, Ihumwa, kumjulia hali, na wote walitaka kuona kidonda cha paja, pale alipowekewa mshipa wa bandia wa kupeleka damu mguuni. Stara, mkewe, akafungua bandeji kwa madaha. Kitu cheupe kikachungulia!

"Wamesahau uzi hawa!" Munir, mdogo wake Mrisho, akanyoosha mkono auvute.

Stara akauchapa ule mkono. "Koma, shemeji! Ndio mshipa wenyewe huo! Ukiuvuta, umemchinja kaka yako!"

Nyumba nzima ikamsindikiza Mrisho hospitali. Daktari akasafisha usaha, akaufunika mshipa kwa nyama ya paja la mgonjwa mwenyewe.

Mrisho alipotolewa chumba cha upasuaji, Stara akamshika unyayo. Una joto, damu inafika! Akapiga vigelegele.

"Tuonyeshe kidonda basi," Munir akasema.

"Thubutu! Shika unyayo, ukitosheka nenda nyumbani."