Sauti Chini ya Ngome

Binti yangu anatembeza wageni mjini, na mimi mama yake sikuwahi kuona hata kimoja cha vile anavyowaonyesha. Siku hiyo akanichukua bure pamoja na kundi lake. Kila mgeni alivalishwa kofia nyekundu, maana yeye huhesabu kofia, hahangaiki na sura. Mimi nikakataa. Nivae kofia juu ya kilemba nilichohangaika nacho asubuhi nzima? Thubutu!

"Haya mama," akasema. "Ila ukichoka, nenda kasubiri kwenye basi."

Tukaona mnara wa taa, tukaona mizinga iliyoelekezwa baharini, wageni wakapiga picha mpaka paka. Kisha tukashuka ngazi hadi chumba cha chini ya ngome, walikofungiwa wafungwa zamani. Maji yakijaa, bahari huingia humo kupitia tundu la ukutani, ndiyo maana lango hufungwa mapema.

Kokoto ilikuwa imeniingia kiatuni. Nikakaa nyuma ya nguzo, nikavua, nikakung'uta, nikaupumzisha na mguu wenyewe. Nikamsikia binti yangu akihesabu kofia zake pale mlangoni, kisha chuma kikagonga chuma. Nilipofika langoni, kufuli lilikuwa linaning'inia upande wa nje na watu wameshapanda.

Mwanzoni nilikasirika tu. Halafu maji yakanigusa vidole vya miguu, nikaogopa. Niliogopa jamani, msinicheke. Simu ilikuwa kwenye mkoba, na mkoba niliuacha kwenye basi. Nikaita mpaka koo likawasha. Maji yakafika magotini.

Mara nikasikia kipaza sauti cha binti yangu juu yangu, kwenye kidirisha cha nondo kilichotazama uani.

"Wageni wangu, humu chini alifia mwanamke mmoja. Mpaka leo, maji yakijaa, husikika akilia."

Uongo mtupu! Hadithi hiyo aliitunga jikoni kwangu, akimenya viazi.

"Nisaidieni!" nikapiga ukelele. "Nakufa huku!"

Wageni wakapiga makofi. Wallahi, makofi! Mmoja akapiga na mluzi. Kisha nikasikia viatu vikiondoka, tena kwa haraka.

Hapo ndipo roho iliponitoka. Maji yalikuwa kiunoni, baridi, na kila wimbi lilinibandika langoni. Nikalia kama mtoto. Nikafikiria kwamba watanikuta kesho, wakija na kundi jingine. Hofu ikageuka hasira, na hasira ikanipa sauti ambayo sikuwa nimeitumia tangu binti huyo aanze kusuka nywele zake mwenyewe. Nikamwita kwa jina lake la utotoni.

"Wewe Kibonge! Thubutu kuondoka hapo! Nitakuchapa mbele ya hao wageni wako!"

Viatu vikasimama. Halafu mtu akashuka ngazi mbio, akijikwaa, akiita mama, mama, mama.

Alipofungua kufuli, ilibidi anibandue vidole kwenye nondo za lango kimoja kimoja, vilikataa kuachia. Akanibeba hadi kwenye ngazi kavu, tukakaa tumekumbatiana, na yeye ndiye aliyetetemeka zaidi.

"Nilikusikia mara ya kwanza," akasema.

"Sasa mbona uliondoka?"

Hakunitazama.

"Niliogopa, mama. Nilidhani ni yeye."